Eti na Kumbe

Necati wa Bursa hutuma ujumbe wa sauti saa nne usiku.
Nausikiliza nimekalia robota la mapazia,
mlango wa duka nimeuteremsha nusu,
Mtaa wa Mkunguni umebaki na wafagiaji na paka.
Anaanza na mzigo. Mzigo wangu.
Mzigo wangu wa marobota kumi na mawili,
yale ya kijani yenye uzi wa dhahabu,
Ijumaa, mchana, kutoka ghalani, kwa lori la shemeji yake,
mpaka bandari ya Gemlik,
na bado sijui.
Kitenzi hakijafika.
Umepakiwa? Umeloa? Umeibwa?
Ndipo mwisho kabisa, akishavuta pumzi, neno moja:
gitmiş.

Kwetu kitenzi hakina subira.
Mtoto akisema tu "nime..." mama keshageuka:
ni, ndiye huyu wangu; me, limeshatokea;
kilichobaki ni kujua kama ni kikombe au ni goti.

Mwalimu Shemdoe, aliyekaa Konya miaka sita
akarudi na shahada na jino moja la dhahabu,
aliandika ubaoni, yetu juu, yao chini:

ni-li-kuja
gel-di-m

Akachora mishale.
Ni ikashuka kwenda m, kuja ikashuka kwenda gel,
mishale ikapishana kama makali ya mkasi,
na katikati li ikaiangukia di, wima,
kama ule msumari unaoshika makali yote mawili.
Hapo nikaelewa. Mimi kalamu yangu ni mkasi.

Gelir, huja. Gider, huenda.
Hayo niliyajua kabla ya darasa, kwenye ankara:
mapato, matumizi.
Hii ni lugha ya watu waliokaa sana sokoni.

Ila miş ilininyima usingizi wiki mbili.
Di ni ya aliyeona.
Miş ni ya aliyeambiwa,
au aliyekuta sakafu imelowa na mvua hakuiona.
Uyumuşum, akasema Shemdoe. Kumbe nililala.
"Hakuna anayejiona akipitiwa na usingizi, Bi Zamoyoni."

Sisi tuna eti, tuna kumbe;
tukitaka tunayatia, tukitaka tunayaacha juu ya kabati.
Wao wameyashona kwenye pindo la kitenzi.
Ukivaa, umevaa nayo.

Tangu hapo Kiswahili nakisikia pindo limefumuka.
"Mfaume wa viatu amefilisika."
Umeyaona madaftari yake?
"Pesa nimeshakutumia, dada, mtandao tu."
Haya.
Na shangazi Mwanahawa, Buguruni, akimenya vitunguu:
"Baba yako aliondoka ukiwa na miezi mitatu.
Hakugeuka nyuma."
A-li. Ha-ku.
Shangazi, ulikuwepo?
Kisu kikasimama.
Kitunguu kikabaki nusu uchi mkononi mwake.
"Mimi nilikuwa Kilosa, mwanangu. Niliandikiwa."

Gitmiş, nikajisemea nikiosha vikombe.
Eti aliondoka.
Miaka arobaini na mmoja nimeisoma kwa di.

Usiku nikamrekodia Necati, sauti ikitetemeka kidogo:
Gördünüz mü? Uliona?
Akajibu asubuhi. Yeye hakuona.
Shemeji ndiye aliyeona, na shemeji yuko barabarani, hapatikani.
Akacheka, akaniuliza nani kanifundisha kuuliza hivyo.

Sijamjibu bado.
Kuna sentensi naijaribu kwa mpangilio wao,
polepole, neno baada ya neno, nikihesabu vipande vya kitambaa:
mimi, Jumapili hii, duka nikishafunga,
Kilosa, nyuma ya stesheni, kwa yule fundi cherehani
aliyekuwa chumba kimoja na baba siku ile,
barua ya shangazi mkononi,